Mashine ya Chapa Katika Darasa la Watoto

Gazeti likifika kijijini, macho ya watu wawili watatu hulisoma na masikio ya watu wengi hulisikiliza. Lakini ni mara chache tukumbukapo kuwa kila neno lililo ndani yake limepita katika mikono mingi: ya aliyeliandika, ya aliyelisahihisha, ya aliyepanga herufi, na ya aliyepaka wino na kukandamiza karatasi. Leo twataka kueleza habari za walimu waliojiuliza hivi: kazi hiyo yote ikiwekwa mikononi mwa watoto wenyewe darasani, itawafundisha nini? Jambo hili lilistawi hasa katika nchi ya Ufaransa tangu mwaka 1924. Nasi twaona linatufaa sana siku hizi, ambapo shule zaletewa kompyuta, na simu ya mkononi yaweza kupiga picha, kunasa sauti na kupeleka barua kwa dakika moja. Vyombo vimegeuka, lakini swali halikugeuka: nani atakayevitumia, na kwa kazi gani?

Tangu kale walimu wenye busara walijua kuwa sikio peke yake halitoshi. Mwaka 1658 Jan Amos Komenský, aitwaye pia Comenius, askofu wa Umoja wa Ndugu, alitoa katika mji wa Nuremberg kitabu chenye picha za vitu vya dunia, na kando ya kila picha maneno ya Kilatini na ya Kijerumani, ili mtoto aone kitu na kusoma jina lake pamoja. Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa warithi wa kanisa hilo lake. Hata hivyo kitabu cha Comenius kilitengenezwa na watu wazima ili watoto wakitazame. Ilipita miaka mingi kabla ya walimu wengi kukubali kwamba mtoto naye aweza kuwa mtengenezaji wa kitabu.

Mtu aliyelieneza jambo hili kuliko wengine ni Célestin Freinet. Alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1896 katika Gars, kijiji kidogo cha milimani kusini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba, naye alikua akichunga na kulima. Alikwenda kusomea ualimu katika mji wa Nice, lakini Vita Kuu ya 1914 ikamkatiza. Aliingia jeshini, na mwezi wa Oktoba 1917 alipigwa risasi kifuani, pafu likaumia vibaya. Alikaa miaka mingi akijiuguza, wala hakupona kabisa. Januari 1920 alipewa darasa katika kijiji cha Bar-sur-Loup. Fikirini sasa mwalimu yule: ana watoto wengi mbele yake, na pumzi yake ni fupi. Siku zile mwalimu mwema alikuwa yule mwenye sauti kuu, asemaye tangu asubuhi hata jioni huku watoto wamefunga mikono na kunyamaza. Freinet hakuweza. Mwenyewe alieleza kwamba udhaifu huo ndio uliomsukuma kutafuta njia nyingine ya kufundisha, ambayo watoto watafanya kazi, na mwalimu hatalazimika kusema kutwa nzima.

Kwanza alianza kuwatoa nje. Mchana alikwenda nao mashambani na kwa mafundi wa kijiji, wakatazama wadudu, mto, mashamba ya machungwa machungu ambayo maua yake hutoa manukato, na mikono ya watu wakifanya kazi. Wakirudi darasani waliandika ubaoni kwa pamoja yale waliyoyaona. Freinet akaona ajabu: mtoto aliyesinzia juu ya kitabu cha kusomea sasa alikuwa macho, kwa kuwa maneno yale yalikuwa yake. Lakini mwisho wa siku ubao ukapanguswa, na kazi ikapotea. Hapo ndipo alipopata huzuni, na katika huzuni akapata shauri. Mwaka 1924 alinunua mashine ndogo ya mbao ya kupigia chapa, pamoja na herufi za risasi, akaiweka katikati ya darasa lake.

Tueleze kidogo jinsi kazi ilivyokwenda, maana faida yake imo ndani ya kazi yenyewe. Asubuhi watoto walisoma mbele ya wenzao habari walizoandika kwa hiari yao. Mmoja alieleza ndoto, mwingine safari ya sokoni, mwingine ugonjwa wa mbuzi. Habari moja iliyosimuliwa sana ni ile ya konokono: watoto walileta konokono darasani wakawashindanisha mbio, na kisa chao kikaandikwa na kusomwa kwa furaha, wakati kitabu cha shule kimelala. Baada ya kusikiliza, darasa zima lilichagua habari moja kwa kura. Habari iliyochaguliwa iliandikwa ubaoni, na wote wakaitengeneza: neno hili halieleweki, sentensi hii ni ndefu mno, hapa pana kosa la herufi. Mwenye habari alikuwapo, akaulizwa alimaanisha nini, wala hapana aliyeruhusiwa kumwondolea maana yake.

Kisha kundi dogo lilikwenda kwenye kasha la herufi. Kasha lile lina vyumba vidogo vingi, kila herufi na chumba chake. Kila mtoto alipanga mstari wake mmoja, akisoma kinyume, kwa sababu herufi ya chapa imegeuzwa kama uso katika kioo. Mmoja akipanga vibaya, ukurasa wote umeharibika, na wenzake watamwambia. Mistari ikiisha kuunganishwa, mmoja alipaka wino kwa rola, wa pili aliweka karatasi, wa tatu alikandamiza, wa nne alitoa na kuanika. Picha nazo walizichonga wenyewe katika vipande vya linoliamu. Kazi ikiisha, herufi zilioshwa na kurudishwa kila moja mahali pake, maana mvivu wa leo humsumbua mpangaji wa kesho. Kila mtoto alitia ukurasa mpya katika kitabu chake, na mwaka ulipokwisha alikuwa na kitabu cha maisha ya darasa lao, kilichoandikwa na kupigwa chapa na wao wenyewe.

Lakini kitabu kisicho na msomaji ni kama wito usio na mwitikio. Kwa hiyo Freinet alitafuta shule nyingine ya kuandikiana nayo. Mwaka 1926 alikuta mwenzi katika René Daniel, mwalimu wa Trégunc, katika nchi ya Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, pwani ya bahari kubwa. Tangu hapo kurasa zilizopigwa chapa zilisafiri kwa posta kutoka milima ya kusini hata pwani ya wavuvi, na kurudi. Watoto wa kusini walijua machungwa na mizeituni, lakini hawakujua maisha ya mashua na nyavu. Watoto wa Bretagne, ambako siku zile watu wengi wa vijijini walisema Kibretoni nyumbani kwao, walijua bahari, lakini hawakujua mashamba ya milimani. Basi kila upande ukawa mwalimu wa upande wa pili. Mtoto aliyeandika kwamba wavuvi wamerudi alipata barua ya kumwuliza: wamerudi na samaki gani, na mashua yenu ina watu wangapi? Alilazimika kwenda kuuliza, kupima, kuhesabu na kuandika tena kwa ufasaha. Hesabu na jiografia zilifuata zenyewe nyuma ya barua.

Habari zikaenea kwa walimu wengine. Mwezi wa Agosti 1927 walikutana katika mji wa Tours, nao walikuwa karibu wote walimu wa shule ndogo za vijijini, wenye mshahara mdogo. Wakaona kwamba mwalimu mmoja hawezi kununua vyombo vyote, wakaunda ushirika wao. Ushirika ule ulitengeneza na kuuza mashine na herufi kwa bei nafuu, ukatoa gazeti la watoto lililoitwa La Gerbe, yaani mganda, kwa kuwa lilikusanya kazi za shule nyingi kama mavuno yafungwavyo pamoja. Tangu 1932 walitoa pia vijitabu vya maarifa, kila kimoja juu ya jambo moja, ili mtoto atafute mwenyewe jibu la swali lake. Wala hawakukoma kwenye karatasi. Walikuwa na mkusanyo wa picha za sinema ndogo za Pathé-Baby, ambazo upana wa mkanda wake ni milimita 9.5, zikazunguka kutoka shule hata shule, na walimu wengine wakapiga picha zao wenyewe za kazi za watu. Walitumia santuri kwa nyimbo, na baada ya Vita ya Pili walitumia mashine za kunasa sauti, hata watoto wa shule mbili za mbali wakasikia sauti za wenzao. Kila chombo kipya kilipotokea, walikiuliza swali moja tu: je, mtoto aweza kukishika na kufanya nacho kazi pamoja na wenzake?

Sasa tuzitaje faida zilizoonekana. Faida ya kwanza ni uangalifu. Mtoto aandikaye ili mwalimu atie alama nyekundu huandika kwa hofu, kisha husahau. Mtoto aandikaye ili asomwe na watu asiowajua huogopa kutoeleweka, naye hutafuta neno lililo sawa kwa hiari yake.

Faida ya pili ni ushirikiano. Waswahili husema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Katika kazi ya chapa yule mwenye akili ya maneno alimhitaji yule mwenye mkono mtulivu, na mtoto aliyekuwa wa mwisho katika imla aliweza kuwa wa kwanza kwenye wino. Hivyo hakuwapo mtoto wa kukaa nyuma bila kazi.

Faida ya tatu ni heshima kwa mahali pao. Vitabu vingi vya shule vilisimulia mambo ya mji mkuu, na watoto wa shamba wakadhani kwamba kwao hakuna jambo lenye thamani. Walipoona kazi za baba zao zimepigwa chapa na kusomwa mbali, walianza kuzitazama kwa macho mapya. Na faida ya nne ni ya mwalimu mwenyewe: alijifunza kusikiliza.

Hata hivyo, tusifiche taabu zake. Mwaka 1928 Freinet na mkewe Élise, aliyekuwa mwalimu na mchoraji, walihamia Saint-Paul. Jengo la shule lilikuwa bovu na chafu, naye akalalamika, na wakubwa wa mji wakamchukia. Tena alikuwa mfuasi wa chama cha kikomunisti, jambo lililowatia wengi mashaka. Kati ya kurasa zilizopigwa chapa ilikuwamo ndoto ya mtoto mmoja, aliyeota kwamba darasa limemwasi meya aliyekataa kuwapa vifaa vya shule bure, na meya akauawa. Desemba 1932 adui zake waliubandika ukurasa ule kutani mwa mji, ili watu waone mambo yafundishwayo watoto wao. Magazeti makubwa yakaingia katika ugomvi. Tarehe 24 Aprili 1933 kundi la watu wenye hasira liliizunguka shule. Mwezi wa Juni mwaka ule serikali ikamwondoa Saint-Paul. Hatupendi kuamua ugomvi ule hapa. Lakini walimu na wapate funzo: neno likiisha kupigwa chapa halirudi tena, nalo huenda mpaka kwa watu wasiojua lilitoka katika moyo gani. Kumpa mtoto chombo cha kusema na watu wengi ni kujitwika wajibu wa kumlinda, na kumfundisha uzito wa neno. Jambo hili, ambalo lilikuwa kweli kwa karatasi mia moja, ni kweli zaidi leo kwa picha na sauti zinazoenea duniani kabla ya jua kuchwa.

Freinet hakukata tamaa. Alijenga shule yake mwenyewe karibu na mji wa Vence, ikafunguliwa mwaka 1935, na baadaye ikapokea watoto wakimbizi wa vita vya Hispania.

Na huko Hispania njia hii ilipata habari ya kusikitisha kuliko zote. Mwaka 1934 mwalimu mmoja kijana, Antoni Benaiges, alifika Bañuelos de Bureba, kijiji maskini katika jimbo la Burgos, mbali na bahari. Alinunua mashine ya chapa kwa fedha zake, akaleta na santuri, na watoto wakaanza kuandika vijitabu. Januari 1936 walipiga chapa kijitabu juu ya bahari, jinsi wanavyoiwaza watoto ambao hawajapata kuiona hata siku moja. Mwalimu aliwaahidi kwamba wakati wa likizo atawachukua mpaka kwao pwani waione kwa macho. Lakini mwezi wa Julai vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, naye akakamatwa na kuuawa siku chache baadaye. Watoto hawakupelekwa baharini. Vijitabu vyao kadhaa vilisalia, na mwaka 2023 habari zao zilitolewa katika sinema. Watawala waliomwua mwalimu wamepita, na maneno ya watoto wale wa shamba yangali yasomwa. Hiyo ndiyo nguvu ya kazi iliyofanywa kwa mikono ya wenyewe.

Freinet naye alitiwa kizuizini mwaka 1940, akakaa makambini hata mwisho wa Oktoba 1941. Baada ya vita aliunganisha walimu wake tena. Mwaka 1957 vyama vya nchi mbalimbali vilifanya umoja wao wa dunia. Mwenyewe alikufa Vence tarehe 8 Oktoba 1966, akazikwa kijijini kwao Gars. Shule yake ilichukuliwa na serikali ya Ufaransa mwaka 1991, nayo haikufungwa.

Je, mambo haya ni ya Ulaya tu? La. Wasomaji wa magazeti ya Kiswahili wana urithi wao. Wamisheni wa Universities' Mission waliofika Unguja mwaka 1864 walikuwa na mashine ya chapa, na Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, aliwafundisha vijana kazi hiyo. Mwaka 1888, yaani miaka 36 kabla ya mashine ya Freinet, wanafunzi wa chuo cha Kiungani walianza gazeti lao la Kiswahili liitwalo Msimulizi, na ndani yake zilikuwamo habari zilizotoka katika vituo vya mbali. Twaona basi kwamba kijana wa shule kuandika kwa lugha hii, kupiga chapa, na kusomwa na wenzake walio mbali si jambo geni kwetu. Ni jambo tulilolianza mapema, kisha katika shule nyingi tukaliacha, tukarudi kwenye kukariri.

Basi, walimu na wazazi, chombo kipya kikija shuleni msikifungie kabatini kwa kuogopa kitavunjika, wala msikiache mikononi mwa mwalimu peke yake, watoto wakiwa watazamaji. Na mkiwa na simu moja tu katika kijiji kizima, hiyo yatosha kwa kuanza. Watoto na waende kwa mzee mmoja, wamwulize jinsi kisima kilivyochimbwa au jinsi soko lilivyoanza, wanase sauti yake kwa ruhusa yake, waandike, wasahihishane, wachore, kisha wapeleke kazi yao kwa shule ya mkoa mwingine na kungoja maswali. Asiyekuwa na simu ana karatasi na posta, na René Daniel hakuwa na zaidi ya hayo na mashine yake ndogo. Lakini mwalimu akiyatunga maneno yeye mwenyewe, na watoto wakiyanakili tu, hata mashine ya thamani kubwa itakuwa ni ubao mwingine wa kunakilia.

Haba na haba hujaza kibaba. Ukurasa mmoja kwa juma, ulioandikwa kwa kweli na kutengenezwa na wote, mwisho wa mwaka ni kitabu. Na mtoto aliyepata kukishika kitabu ambacho jina lake limo, pamoja na majina ya wenzake, hawezi tena kuambiwa kwamba vitabu ni vya watu wengine.